Matundu Niliyokataa Kuziba

Baba yangu alikuwa mshonaji kule Biryogo, mtaa wa Kigali, kwenye baraza la duka la mtu mwingine. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na ikikolea mbio vikombe vya chai vya jirani vilikuwa vinatetemeka kwenye visahani vyake. Siku moja akaja karani wa serikali na koti la sufu, jeusi, zito, la kurithi kwa mjomba wake. Alitaka lipunguzwe mabega tu, basi. Baba akalipokea, akalipindua ndani nje, akafumba macho. Akaanza kupapasa bitana kwa ncha za vidole, polepole, kama mama anayetafuta uvimbe mwilini mwa mtoto.

Karani akacheka. "Mzee, unalisomea dua?"

Baba aliendelea kupapasa. Vidole vilifika karibu na bega la kushoto vikasimama. Akachukua mkasi wake, akafumua. Ndani ya pamba ya bega mlikuwa na watoto wa panya, wekundu, hawajaota manyoya, wamelala kama vidole vya mtu mwingine. Karani aliruka kutoka barazani hadi barabarani, kiatu kimoja kikabaki. Na asubuhi ile ile alikuwa amelivaa koti hilo kanisani, amepiga magoti nalo, amesimama nalo, amekomunika nalo.

Nilicheka mpaka baba akanitia kofi. Halafu akaniambia, "Mteja ananiletea nje. Mimi kazi yangu iko ndani." Akaendelea kushona.

Ushonaji haukuniingia. Vidole vyangu vilikuwa vinene tangu utoto, sindano ilikuwa inapotea humo. Shule nayo iliisha mapema. Mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na miguu. Kusoma najua, kuandika ndio huku mnaona. Lakini tabia ile ya baba ya kufumba macho na kupapasa niliirithi, na mkasi wake niliurithi, mkasi mweusi mkubwa wenye mpini uliofungwa kitambaa cha kitenge ili usimchubue. Watu walikuwa wananiuliza fundi wa mabomba na umeme anatembea na mkasi wa cherehani wa nini. Nanyi ngojeni, nitafika huko.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mabomba, kwenye nyumba za mapadri na za Wazungu wa miradi. Humo ndimo nilimomwona paka. Nitamsimulia sasa hivi, maana baadaye mtamhitaji. Nyumba ya padri mmoja ilikuwa na boila ya gesi ya kupasha maji bafuni, na bomba lake la kutolea moshi lilikuwa linapiga kelele upepo ukivuma. Mpishi akachoka na kelele, akaliziba kwa magunia. Hakuna aliyekufa, mshukuru Mungu. Ila paka wa nyumba alikuwa anapenda kulala bafuni kwa sababu ya joto. Niliitwa kutazama bomba la maji, nikamkuta paka amelala vizuri kabisa, mdomo umefunguka kidogo kama anayetaka kusema. Hakuwa na jeraha wala povu. Padri akaniambia moto wa gesi unakula hewa ile ile unayokula wewe, na ukishindana nao ndani ya chumba kilichofungwa, moto ndio unaoshinda. Hilo nililishika. Sikuhitaji darasa la kulishika, nilikuwa namtazama paka.

Haya. Sasa tuje Gisimenti.

Miaka ile nilikuwa nafanyia kazi kwenye uwanja wa garaji nyuma ya baa za Gisimenti. Tulikuwa mafundi kadhaa, kila mtu na kona yake, na mimi nilishika umeme wa magari. Kona ya pili yangu alikuwa Mzairwa, yaani mtu wa Zaire, fundi wa kuchomelea, mtu wa mdomo, anayeweza kukutukana tangu asubuhi mpaka jioni na mwisho akakununulia brosheti, mishikaki yetu. Vita ilikuwa imeanza kaskazini. Mambo makubwa ya miaka ile wameyasema wengi na watayasema wengine. Mimi hapa nasimulia gari.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Ndiyo, nyumba yenye injini: vitanda, jiko, sinki, friji, kabati za mbao, na pazia za maua. Wazungu wawili, mume na mke wazee, walikuwa wamelileta kutoka kwao kwa barabara wakitaka kuvuka kwenda Uganda. Mpaka ukafungwa, wao wakapanda ndege, gari likabaki. Likazunguka mikononi mwa watu mpaka likafika kwa mfanyabiashara mmoja wa Kabuga, mwanamume wa kofia na kalamu mbili mfukoni, aliyekuwa anauza soda na maziwa. Yeye aliona kitu ambacho sisi hatukukiona. Atatembea nalo sokoni Kabuga na masoko ya mbele huko mashariki, auze maziwa baridi na soda baridi mahali pasipo umeme, kwa sababu friji ile ilikuwa inakula gesi. Na mama yake ndiye atakayelala ndani, alinde mali na kuuza.

Aliponiletea aliniambia, "Fundi, taa zinazimika zenyewe. Maji yanadondoka kitandani kwa mama. Halafu kuna harufu. Tengeneza vyote. Lakini kuta usiguse, hizo ni za Ulaya."

Nikamwambia, "Patroni, huwezi kuniletea mgonjwa ukaniambia nisimvue shati."

Mzairwa akadakia kutoka kwenye kona yake: "Mwachie avue! Uyu mutu wa Biryogo iko fundi cherehani, anapenda kuvua watu nguo!"

Basi nikavua. Na hapa ndipo mkasi ulipoingia kazini, maana kuta za ndani zilikuwa zimefunikwa kitambaa cha plastiki kilichoshonwa pembeni, na mshono ukiufumua kwa mkasi mzuri unaweza kuurudisha. Kwanza nikafumba macho na kupapasa. Mahali penye unyevu panakuwa baridi na laini kidogo. Mahali panya alipopita panakuwa na vijivimbe. Nikagonga kwa vifundo, nikasikiliza. Nikafumua.

Ndani mle, yaani, ungecheka au ungelia. Nyaya zilikuwa zimepita nyuma ya mbao kama mizizi, na panya walikuwa wamezimenya ganda lote, shaba iko uchi, inagusana mtu akifunga mlango kwa nguvu. Ndiyo maana taa zilikuwa zinazimika. Nikazikata, nikaweka mpya, nikazipitisha ndani ya kipande cha mpira wa maji ili panya waanze upya na meno yao. Maji nayo: kutafuta tone ndani ya ukuta ni kazi ya uvumilivu. Mimi natumia majivu. Unapukutisha majivu makavu ya mkaa chini ya tiyo yote, bomba lile la maji, unafungua maji, unakwenda kunywa chai. Ukirudi, majivu yatakuonyesha njia nyeusi hadi kwenye kosa. Kosa lilikuwa kwenye kiungo nyuma ya sinki. Gesi nikaipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, povu likachemka mahali pamoja, nikakaza. Harufu ikaisha.

Mpaka hapo ni kazi tu. Kila fundi angeifanya.

Halafu nikafika nyuma ya friji. Nyuma yake kuna moto mdogo usiozimika, ndio unaoleta ubaridi; msiniulize moto unaletaje ubaridi, Mzungu ndiye anayejua. Moto ule una dirisha lake ukutani, lenye vyuma kama mbavu, ili upumue. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa godoro. Si kidogo, godoro lililokatwa kwa kipimo, likasukumwa ndani, likapakwa gundi. Nikatazama chini ya jiko, sakafuni, kwenye tundu la kushukia gesi ikivuja. Majani ya migomba makavu, yamesokotwa. Juu ya paa kulikuwa na kifuniko cha kutolea joto. Ndani yake mto wa kulalia, mto mzima, na foronya yake imefumwa maua.

Nikaanza kuvuta. Godoro likatoka na sauti kama kizibo cha chupa.

"Weye fundi! Iko nini unafanya?"

Nilikuwa nimemsahau. Mama wa mwenye gari alikuwa anakuja na mwanawe kila mara, anakaa nje kwenye kigoda, anachambua maharagwe. Mwanamke mfupi, mkavu, amejifunga vitambaa viwili na sweta juu yake, na jua linawaka. Aliinuka na ungo wake akaja mpaka mlangoni.

"Mukecuru," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama mzee kwa heshima, "natoa uchafu huu."

"Si uchafu. Iyo nimefunga mie mwenyewe. Rudisha."

"Ni dirisha la moto, Mukecuru. Moto unataka kupumua."

"Na mie? Upepo ukinipiga kwenye mgongo, wewe utakuja kunizika?"

Hapa niseme kitu kwa msomaji asiyetoka kwetu. Kwetu upepo si kitu cha mzaha. Panda basi la kwenda Gitarama, jua kali, watu wamebanana, halafu fungua dirisha kidole kimoja uone. Utasikia "Funga!" kutoka kila kiti, na mama mwenye mtoto atakutazama kama umetoa kisu. Upepo unaingia kifuani, unaingia masikioni, unampindisha mtu mdomo. Mwanamke aliyejifungua ndio kabisa, hata tundu la ufunguo linazibwa. Na mimi sicheki. Mimi mwenyewe nalala na dirisha limefungwa, na soksi. Kwa hiyo msifikiri nilimwona mjinga. Alikuwa na akili timamu kuliko wengi, alikuwa amezika mume na kulea watoto na kusimamia soko. Alipouona ule ukuta wa Ulaya una matundu kila upande, aliona nyumba iliyojengwa na watu wasiojua kuishi. Akaitengeneza.

Nikamwambia habari ya paka. Akasikiliza vizuri, kichwa upande.

"Paka alikuwa wa nani?"

"Wa padri."

"Padri alikuwa anamlisha?"

"Sana."

"Basi alikufa kwa kushiba," akasema, na Mzairwa akapiga nyundo chini kwa kicheko.

Nikamkumbusha makaa. "Mukecuru, ungeweza kulala na imbabura ndani, mlango umefungwa?" Imbabura ni jiko letu la makaa.

"Mie kichaa? Makaa yanaua. Dada ya mume wangu alikufa hivyo."

"Na gesi ni moto vilevile."

"Gesi haina moshi." Akanionyesha kidole. "Moshi ndio unaua. Hii ni moto safi, ya Wazungu. Sasa rudisha godoro yangu."

Unaona alipokosea? Makaa aliyajua, na hofu yake ilikuwa ya haki. Lakini alikuwa ameufunga uuaji kwenye moshi, na palipokosekana moshi akaona usalama. Na si yeye peke yake. Mwanawe alisema hivyo hivyo. Mzairwa, ambaye anashika moto wa gesi kila siku ya Mungu, akasema hivyo hivyo.

Sikurudisha. Kesho yake nilipofika nikakuta limerudi, na juu yake ameongeza gunia. Nikatoa. Nikaenda kula, nikarudi, majani ya migomba yako mahali pake, mabichi safari hii. Nikatoa. Tukaenda hivyo. Mimi nikipanda paani kutoa mto, yeye yuko chini anasokota majani. Mzairwa alikuwa anatangaza kama mpira wa redio: "Mama amefunga! Fundi anafungua! Eee, mama tena! Fundi, ule mama iko na nguvu kuliko weye, kubali, enda kushona!"

Mimi sikubali haraka. Mke wangu atawaambia. Lakini yule mama alikuwa na umri wa mama yangu na alikuwa ananiletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu huku ananitukana, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumshinda. Mwisho tukapatana, mbele ya mwanawe. Tundu moja libaki wazi, la sakafuni chini ya jiko, kwa sababu liko mbali na kitanda. Mengine abaki nayo yeye. Mwenye gari akasema, "Basi, fundi, umepata na mama amepata," akafurahi kama hakimu.

Sikufurahi. Tundu moja kwa mioto miwili. Nikamwambia, "Patroni, siku ya kwanza ya soko naenda nanyi."

"Kwa nini? Gari limepona."

"Naenda."

Tukaenda Kabuga. Kwenye kizuizi cha barabara askari aligonga kuta kama nilivyokuwa nagonga mimi, akauliza ndani ya kuta mna nini. Mukecuru akamjibu, "Panya walikuwemo, huyu fundi amewafukuza. Unataka nikuitie warudi?" Mwenye gari akafumba macho. Mimi nikajua nimekwisha. Askari akatutazama, akapisha. Ndivyo alivyokuwa mama yule.

Soko likashika vizuri. Maziwa baridi! Watu walikuwa wanashika kikombe kwa mikono miwili na kucheka. Mchana ikaja mvua, ile ya kufunga soko, watu wakajibanza kwenye vibaraza. Mukecuru akaingia ndani ya gari, akafunga mlango, akasema anachemsha chai na kujinyoosha kidogo. Mimi na mwanawe tukakimbilia baraza la kinyozi. Friji inawaka, jiko linawaka, vioo vimefungwa, na sisi tunatazama maji yakipita na maganda ya ndizi.

Nilikuwa nazungumza na kinyozi habari ya wembe. Ghafla nikamwona yule paka wa padri mbele ya macho yangu. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nikakimbia kwenye mvua, nikavuta mlango. Chai ilikuwa imechemka mpaka sufuria imekauka. Mukecuru alikuwa amekaa kitandani, amejiinamia, mate yanamtoka. Nikamwita. Akanitazama kama niko mbali sana, akasema jina la mume wake. Nikambeba, alikuwa mwepesi kama ungo, nikamtoa, nikamlaza barazani kwa kinyozi, mvua inatupiga. Akatapika. Akashika kichwa. Rangi ikaanza kumrudia polepole, na kwa sauti bado nzito, mbele ya soko zima lililojikusanya, akasema:

"Mmeona? Upepo wake. Upepo wa tundu lake umenipiga."

Na watu wote wakanigeukia.

Ningesema nini? Nilisema. Nilisema paka, nilisema padri, nilisema moto unakula hewa, nilipaza sauti mpaka kinyozi akaniambia nishushe. Mama mmoja akauliza, "Kweli uliacha tundu wazi?" Nikasema kweli. Akasikitika, akatikisa kichwa. Kesi ikaisha hapo. Ugonjwa ule ule niliouona kama ushahidi wangu, wao waliushika kwa upande wa pili, na walikuwa soko zima na mimi nilikuwa mmoja.

Tukarudi Gisimenti. Siku iliyofuata mwenye gari akafika mapema na kipande cha tole, bati la chuma, chini ya kwapa. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu, bado anaumwa kidogo. Akanionyesha tole.

"Fundi, kata vipande. Ziba tundu lile, ziba la friji, ziba la juu. Si godoro tena. Chuma. Yachomelewe yasifunguke."

"Sizibi."

"Nimesema ziba."

"Na mimi nimesema sizibi. Mama yako atakufa humo, patroni. Jana alikuwa anakwenda."

"Jana ulimpiga kwa upepo!" Akapaza sauti, mafundi wengine wakaacha kazi. "Nilikuheshimu. Nilikuachia tundu. Gari ni langu, na mama ni wangu."

"Gari ni lako," nikamwambia. "Mama ni wako. Mikono hii ni yangu, na haizibi."

Mukecuru akainua kichwa. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. "Ziba, mwanangu," akasema. "Mie nimekusamehe. Kila fundi anakosea."

"Sijakosea, Mukecuru."

"Kichwa ngumu," akasema, kwa upole, kama anayesifia mbuzi.

Mwenye gari akaniacha, akamgeukia Mzairwa. Akampa tole. Mzairwa akanitazama, mara hii bila mzaha. "Mie nachomelea tu, ndugu," akaniambia. "Nikikataa uyu na nikikataa ule, watoto yangu watakula moto?" Akavaa miwani yake nyeusi. Simlaumu. Ningeweza kumlaumu na ningekuwa na haki, lakini simlaumu. Akaanza na lile la friji. Nikasikia cheche zinalia kwenye ukuta nilioutengeneza kwa vidole vyangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukataa kwangu ni maneno matupu. Nikikataa mimi, mwingine anaziba. Nikigombana, wanagombana nami huku anaziba. Jumatano ni soko tena, na mvua bado ni msimu wake, na mukecuru atachemsha chai.

Kabla sijamaliza nitangulize kitu, kwa sababu nikishaondoka pale sirudi tena, hata kwa kusimulia. Wako watu Gisimenti na Kabuga waliosema mimi ni mwizi. Mzairwa aliniambia alipokutana nami mjini, baada ya muda mrefu. Akaniambia pia kwamba mukecuru anauza soda za moto na maziwa ya kawaida, na kila akipika chai yake nje kwa makaa, chini ya turubai, mvua ikimrushia matone, analitaja jina langu na jina la baba yangu, analaani, soko linasikia. Nilimnunulia Mzairwa brosheti. Mtu anayelaani kwa sauti hiyo ana hewa ya kutosha kifuani. Sikumwomba msamaha wakati ule na simwombi sasa, popote alipo. Anayetaka kuniita mwizi aniite, njia niijuayo ya kuokoa mtu asiyetaka kuokolewa ni hii moja ninayoisimulia sasa.

Gari lile lilikuwa na kijimlango kwa nje, nyuma kidogo ya gurudumu, na humo ndimo unamokaa mtungi wa gesi. Juu ya mtungi kuna kichwa, kidude cha shaba kinachopunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia kwenye tiyo. Bila hicho mtungi ni jiwe. Uzi wake wa kukazia ulikuwa wa Kizungu, Kigali nzima wakati huo usingepata kingine cha kufanana nacho. Mpira unaweza kuunganisha, shaba unaweza kuchomelea, lakini hicho kidude huwezi kukitengeneza hata ukae na Mzairwa mwaka. Nikafungua kijimlango. Nikafunga mtungi. Nati ya gesi inafunguka kinyume, upande ule nati nyingine zinakofungwa; watu wengi hawajui, wanaikaza mpaka wanachoka. Mimi naijua. Nikaizungusha kwa mkono, polepole, macho nimefumba, cheche zinalia upande wa pili wa ukuta. Ikaachia. Nikakitia mfukoni, kizito, bado baridi.

Nikapita mbele ya mukecuru.

"Unakwenda kula?" akaniuliza.

"Nakwenda nyumbani. Chai yako, Mukecuru, pikia nje."

"Nje kuna upepo."

"Ndiyo," nikasema. "Upo."

Akacheka kidogo, akashika kichwa kwa maumivu ya kucheka. Mwanawe alikuwa amenipa mgongo, anasimamia chuma chake kwa Mzairwa. Sanduku langu la kazi lilikuwa ndani ya gari, chini ya kitanda cha mukecuru, na juu yake mkasi wa baba, mdomo wazi, jinsi nilivyouacha nilipokuwa nafumua. Niliuona kutoka mlangoni. Kuuchukua nilihitaji kuingia ndani, kuinama, kufunga sanduku, na mtu angeuliza fundi anafungashia nini vyombo vyake, na mwenye gari angekwenda kutazama mtungi.

Nikauacha. Nikatoka uwanjani mikono mfukoni, nikapita baa ambazo zilikuwa zinafagia vizibo vya jana, nikavuka barabara kubwa. Nyuma yangu nilisikia Mzairwa anazima moto na kuuliza, "Fundi iko wapi?" Sikugeuka. Nikashika njia ya kuteremka mjini kwa miguu, kidude kinagonga paja kila hatua, na pale uwanjani sikukanyaga tena.